Neno "Nachingwea" Ndani ya Emacs: Kuyalinda Mafaili Asilia ya Kihariri

Hotuba kwa wanafunzi na mafundi wa kompyuta, Mtwara Mjini

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotoka Lindi, Masasi, Newala na hapa hapa mjini: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Nilipoombwa kuzungumza juu ya usalama wa kompyuta, nadhani walioniomba walitarajia nije na habari za wezi wa nywila na za jumbe za kitapeli zinazoingia kwenye simu zetu kila siku. Mambo hayo yana wasemaji wengi, na baadhi yao wanayajua kuliko mimi. Leo nimechagua jambo dogo zaidi, ambalo mhalifu wake hatoki mbali, kwa kuwa ni kidole cha mwenye kompyuta mwenyewe. Nataka tuzungumze juu ya mafaili asilia ya kihariri cha maandishi, yaani yale mafaili ya msimbo yanayokuja pamoja na kihariri chenyewe, na namna ya kuyalinda yasibadilishwe na mtu ambaye hakukusudia kuyabadilisha.

Nianze na kisa changu, kwa sababu kama kisingenipata nisingekuwa na la kuwaambia.

Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa korosho ukiwa unakaribia, nilikuwa nikimtunzia msafirishaji mmoja orodha za malori yake. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila mstari wa orodha ulikuwa na jina la mahali na idadi ya magunia, nami nilitakiwa kuipanga mistari hiyo kwa kufuata idadi. Nilikuwa nikitumia Emacs, kihariri cha maandishi ambacho kina amri ya kupanga mistari kwa kuangalia namba iliyo katika safu fulani, nayo huitwa sort-numeric-fields. Siku moja nikataka kujua amri hiyo inazihesabuje safu, maana orodha yangu ilikuwa na vijiji vyenye majina ya maneno mawili na hesabu ilikuwa ikipotoka kila vilipotokea. Nikaomba maelezo ya amri, nikabonyeza jina la faili lililoonekana ndani ya maelezo, na papo hapo nikajikuta ndani ya sort.el, faili ambamo amri hiyo imeandikwa. Skrini ikawa imegawanyika: juu orodha yangu, chini msimbo wa Emacs. Nikasoma, nikashuka mstari kwa mstari, nikaelewa. Kisha nikachukua karatasi ya dereva na kuandika mstari mpya wa orodha: Nachingwea 47.

Niliuandika mahali pasipo pake. Kishale kilikuwa bado katika sehemu ya chini, katikati ya mwili wa amri niliyokuwa nikiisoma, na macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Umeme ulikuwa umekatika na betri ilikuwa inaelekea kuisha, nikaamua kufunga. Emacs ikaniuliza, kama inavyouliza siku zote, iwapo nataka kuhifadhi mafaili yaliyobadilika. Kwa haraka nikabonyeza alama ya mshangao, ambayo kwa Emacs maana yake ni kwamba hifadhi yote yaliyobaki wala usiniulize tena, nayo ikatii. Kesho yake niliona kuwa mstari wa Nachingwea haumo katika orodha, nikadhani nilisahau kuuandika, nikauandika upya.

Linalostahili kusikilizwa kwa makini, ndugu zangu, ni lile lililofuata, maana kwa muda wa wiki kadhaa halikufuata jambo lolote. Amri iliendelea kupanga mistari kama kawaida. Sababu yake ni kwamba Emacs haisomi faili la msimbo kila inapotaka kutumia amri. Mafaili ya Lisp, lugha ambayo sehemu kubwa ya Emacs imeandikwa kwayo, hukompailiwa kwanza, yaani hugeuzwa kuwa umbo ambalo Emacs huliendesha kwa haraka, na tokeo lake hukaa kando ya faili asilia likiwa na jina lilelile, ila mwisho wake ni .elc badala ya .el. Yanapokuwapo yote mawili, Emacs huchukua lile lililokompailiwa hata kama faili asilia ndilo jipya zaidi, isipokuwa mtumiaji awe ameiagiza vinginevyo kwa kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kiitwacho load-prefer-newer. Hutoa onyo la mstari mmoja chini ya skrini, na onyo la namna hiyo hupita kabla jicho halijatua. Kwa hiyo kosa langu lilikaa ndani ya sort.el likisubiri siku yake.

Siku hiyo niliileta mwenyewe. Emacs niliyokuwa nayo nilikuwa nimeijenga kutoka kwenye msimbo wake, ndani ya folda yangu ya nyumbani, kwa sababu toleo lililokuja na mfumo wangu lilikuwa limezeeka. Nikavuta mabadiliko mapya kwa git, programu inayotunza historia ya msimbo, nikaendesha make, inayojenga upya yale yaliyobadilika. Make ikaona kwamba sort.el ni jipya kuliko tokeo lake, ikaagiza likompailiwe upya. Kompaila ikakutana na neno Nachingwea, ikadhani ni kigeu ambacho pengine kitatangazwa mahali pengine, ikaandika onyo na kuendelea. Namba 47 haikuisumbua hata kidogo, kwa kuwa katika Lisp namba ni thamani halali popote ilipo. Onyo lenyewe lilipita pamoja na mamia ya mistari mingine ambayo hakuna anayeisoma, mimi nikiwa mmoja wao.

Basi fikirini: malori matatu yako uani, madereva wamekaa kivulini, mwenye mali anataka orodha, na kila ninapoamuru mistari ipangwe Emacs inanijibu kwamba haijui thamani ya kigeu kiitwacho Nachingwea. Programu iliyoandikwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kusikia kwamba kuna mahali panaitwa hivyo inanilalamikia kuhusu Nachingwea. Nilianza kuilaumu orodha yangu, kisha mipangilio yangu binafsi, kisha nikaizima kompyuta na kuiwasha. Mwishowe nikaiendesha Emacs kwa njia ya emacs -Q, ambayo huifungua bila kusoma mipangilio yoyote ya mtumiaji, na kosa likabaki palepale. Hapo ndipo nilipojua kuwa ugonjwa haumo kwangu, umo ndani ya Emacs yenyewe. Nikaiuliza git ni faili gani limebadilika tangu nilipolipokea, ikanitajia moja tu, na nilipoomba kuona tofauti nikauona mwandiko wangu. Kulirudisha faili katika hali yake kulichukua muda mfupi kuliko ninavyolisimulia, lakini kulitafuta kulikula nusu siku.

Tangu siku hiyo nimewasikia wenzangu watatu au wanne wakisimulia visa vinavyofanana na hiki, na kila mmoja alikiri kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Mimi sioni aibu, naona mpangilio mbovu. Ili tuuelewe ubovu huo ni lazima kwanza tuielewe sifa ya kihariri hiki, kwa sababu viwili hivyo vimetoka mlango mmoja.

Emacs ilianza mwaka 1976 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ikiwa ni mkusanyiko wa amri zilizoongezwa juu ya kihariri cha zamani kilichoitwa TECO. GNU Emacs, ambayo ndiyo tunayoitumia leo, ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, lakini sehemu kubwa zaidi imeandikwa kwa Lisp ya kwake yenyewe, katika mafaili zaidi ya 1,000 yanayokaa kwenye diski ya mtumiaji. Nia ya walioitunga ilikuwa kwamba mtumiaji aweze kuona kila amri inafanyaje kazi na kuibadilisha apendavyo. Ukibonyeza C-h f, yaani Ctrl pamoja na h, kisha f, na kuandika jina la amri, unapewa maelezo. Ukibonyeza Enter juu ya jina la faili lililo katika maelezo hayo, unaingia kwenye msimbo wenyewe, mstari uleule ambapo amri inaanzia. Sijui shule nzuri ya programu kuliko hiyo kwa kijana ambaye hana mwalimu karibu wala fedha za kununua vitabu. Huhitaji hata intaneti.

Dada mmoja aliyeketi mstari wa mbele aliniuliza kabla hatujaanza iwapo haingekuwa rahisi zaidi kuyaficha mafaili hayo, mtumiaji asiyafikie kabisa. Namjibu kwa heshima kwamba hapana, na ipo mifumo inayokaribia kufanya hivyo pasipo kukusudia. Katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa mfano, mafaili asilia ya Lisp huja katika kifurushi kinachojitegemea kiitwacho emacs-el, na asiyekisakinisha hubaki na mafaili yaliyokompailiwa tu, ambayo binadamu hawezi kuyasoma. Huyo yuko salama dhidi ya kisa changu, lakini amenyang'anywa shule niliyoitaja. Tunachokitaka ni mlango wa kusomea ulio wazi siku zote, na mlango wa kuandikia unaofunguliwa na mtu aliyekusudia.

Hapa kwetu tunalijua jambo hili kwa mizani. Mzani wa chama cha msingi umewekwa mahali ambapo kila mkulima anaweza kusogea na kusoma namba, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika mkoa huu mwaka 2007 namba hiyo imekuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa ndiyo inayoingia kwenye stakabadhi. Hata hivyo ndani ya mzani kuna mahali pa kuurekebisha, na mahali hapo Wakala wa Vipimo hupatia lakiri. Fundi mwenye ruhusa anaweza kuikata lakiri, lakini hawezi kuikata kwa kuegemea mzani huku akizungumza na jirani yake. Na ikiwa imekatwa, itaonekana imekatwa. Naomba mlishike hilo la pili, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye namna ya kuitia lakiri.

Njia ya kwanza ni ya ndani ya kihariri. Emacs inapofungua faili, huyaweka maandishi yake katika nafasi ya kumbukumbu iitwayo bafa, na kila bafa ina kigeu chake kiitwacho buffer-read-only. Kigeu hicho kikiwa na thamani ya kweli, bafa inasomeka tu: ukibonyeza herufi, hakuna kinachoandikwa, na Emacs inakuambia kwamba bafa hii ni ya kusoma. Kwenye mstari wa hali ulio chini ya dirisha utaona alama mbili za asilimia mahali ambapo kwa kawaida huwa na vistari. Anayetaka kuandika hubonyeza C-x C-q, kufuli likafunguka, na akibonyeza tena linafungwa. Tazameni jinsi kufuli hili lilivyo na kipimo chake: ni vibonyezo viwili tu, hivyo halimchoshi aliyekusudia, lakini hakuna mtu anayeweza kuvibonyeza akidhani anaandika Nachingwea.

Unaweza kulifungua faili moja kwa namna hiyo tangu mwanzo kwa C-x C-r, lakini hilo linakutaka ukumbuke, na tatizo letu lote ni kwamba mtu hakumbuki. Inafaa Emacs yenyewe ijue kwamba kila faili lililo chini ya folda ya Lisp ya asili ni la kusoma tu. Tangu Emacs 23, iliyotoka mwaka 2009, kuna utaratibu wa kuipa folda nzima vigeu vyake. Watu wengi wanaujua kupitia faili la .dir-locals.el linalowekwa ndani ya mradi, ila kwa kazi yetu sipendekezi kuweka faili lolote ndani ya folda ambayo tumesema hatutaki kuigusa. Kuna njia ya pili ya utaratibu huohuo, inayoandikwa katika mipangilio yako binafsi. Unaita kwanza dir-locals-set-class-variables, unatunga jina la kundi, tuseme asilia, na kulipa kundi hilo kigeu cha buffer-read-only chenye thamani ya kweli. Kisha unaita dir-locals-set-directory-class na kuiambia kwamba folda ya Lisp ya Emacs, pamoja na yote yaliyo chini yake, ni ya kundi hilo. Katika matoleo ya karibuni folda hiyo inatajwa na kigeu kiitwacho lisp-directory, hivyo huna haja ya kuandika njia nzima ambayo itabadilika utakapopata toleo jipya. Ni mistari michache. Mimi nimeiweka juu kabisa ya mipangilio yangu, na nimeongeza pia folda ambamo vifurushi nilivyopakua huwekwa, kwa sababu kidole hakibagui.

Wapo wanaopendelea kuiunganisha na hali ya kutazama, ambapo upau wa nafasi unageuza ukurasa na herufi q inaondoka kwenye faili. Inawashwa kwa kuipa view-read-only thamani ya kweli, na huanza pale unapolifungua faili kwa C-x C-r au unapobonyeza C-x C-q. Ni tamu kwa msomaji wa mafaili marefu. Kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza inaweza kuchanganya, maana herufi zinaanza kufanya mambo badala ya kukataa, kwa hiyo mwacheni kwanza azoee kukataliwa.

Kufuli la bafa lina mipaka yake, nami nisingependa mtoke hapa mkidhani limemaliza kazi. Linamzuia mtu anayeandika ndani ya Emacs hiyo, basi. Programu nyingine ikilifungua faili lilelile, kufuli hilo haliijui. Hata amri za Emacs zenyewe zinaweza kulipita zikiandikwa hivyo, kwa kuwa upo utaratibu rasmi wa kulipuuza kwa muda. Kwa sababu hiyo tunahitaji lakiri ya pili, ambayo iko kwenye diski.

Mnaotumia Linux mnajua kwamba kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na lina ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha. Emacs iliyosakinishwa na mfumo huweka mafaili yake chini ya /usr/share/emacs, na mwenye mafaili hayo ni mtumiaji mkuu. Sisi wengine tuna ruhusa ya kusoma tu. Ukilifungua faili la namna hiyo ukiwa mtumiaji wa kawaida, Emacs inaona kuwa huwezi kuliandika, inakuwekea kufuli la bafa bila kuombwa, na hata ukilifungua kwa C-x C-q na kuandika, diski itakataa wakati wa kuhifadhi. Laiti ningetumia Emacs ya namna hiyo, nisingekuwa na hotuba. Kisa changu kilitokea kwa sababu niliijenga ndani ya folda yangu ya nyumbani, ambamo kila faili ni mali yangu, na mwenye mali haulizwi.

Mtu atasema, basi ondoa ruhusa ya kuandika kwa chmod. Inasaidia, kwa kuwa Emacs italifungua faili likiwa limefungwa. Hata hivyo ukishaifungua bafa mwenyewe na kuhifadhi, Emacs itakuambia kwamba faili limezuiwa lisiandikwe, na itauliza kama ujaribu hata hivyo. Ukijibu ndiyo, inaiongeza ruhusa, inaandika, na kuirudisha ilivyokuwa, kwa kuwa wewe ndiye mwenyewe na mfumo hauna sababu ya kukukatalia. Ni mlango uliofungwa huku ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Kwa kidole kilichopotea unatosha. Kwa mtu aliyezoea kubonyeza ndiyo kila anapoulizwa, hautoshi. Ndiyo maana siku hizi nikiijenga Emacs naisakinisha chini ya /usr/local kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, kisha naitumia kama mtu wa kawaida. Yuko pia anayetumia mifumo kama NixOS au Guix, ambamo hazina nzima ya programu imewekwa ya kusoma tu, na huyo hana la kuhangaika.

Naomba hapa niseme neno kwa uchungu kidogo. Nimeingia katika maabara moja ya kompyuta ambapo mashine zote zilikuwa na akaunti moja, na akaunti hiyo ilikuwa na mamlaka yote, eti ili wanafunzi wasisumbue kuomba nywila. Nimeona pia mafundi wanaofungua kihariri kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, kwa ajili ya kurekebisha mstari mmoja wa mipangilio ya seva, kisha wanaendelea kukitumia kihariri hichohicho siku nzima. Mtumiaji mkuu karibu haoni kufuli lolote la ruhusa. Kwake mafaili ya mfumo yanaandikika, hivyo Emacs haina sababu ya kuyafunga, na yote niliyoyasema juu ya ruhusa yanakuwa hewa. Ukilazimika kuandika faili moja la mfumo, lifungue hilo moja kwa mamlaka hayo, ndani ya Emacs yako ya kawaida, kwa kutanguliza /sudo:: mbele ya jina lake, na mengine yote yabaki kama yalivyo.

Wanaotumia Vim, kihariri kingine, wasidhani nimewasahau, tena Vim ina haki ya pekee ya kutajwa Afrika Mashariki. Aliyeitunga, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 2023, alipata kufanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale nchini Uganda, na kwa miaka mingi skrini ya kwanza ya Vim imekuwa ikimwomba mtumiaji awasaidie watoto wa Uganda. Mafaili asilia ya Vim yanakaa katika folda inayotajwa na VIMRUNTIME, na maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba usiyabadilishe, kwa sababu toleo jipya litayafuta mabadiliko yako. Weka yako katika folda yako ya .vim, ndani ya sehemu iitwayo after ikiwa unataka yasomwe mwisho. Jambo moja tu la kuangalia: katika Vim kuna makufuli mawili yanayofanana majina. La kwanza, readonly, linakuonya unapoanza kuandika na kukukatalia unapohifadhi, ila ukiongeza alama ya mshangao linakubali. La pili, nomodifiable, linakataa herufi yenyewe isiingie. Kwa ajili ya kidole kilichopotea, weka yote mawili kwa kila faili lililo chini ya VIMRUNTIME.

VS Code, kihariri kingine tena, imeifuata njia nyingine. Haikuzuii kuyagusa mafaili yake ya kiini, lakini inapoanza inalinganisha alama za hesabu, yaani namba zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, za baadhi ya mafaili hayo, na ikikuta tofauti inakutangazia kwamba usakinishaji wako umeharibika. Hiyo ndiyo lakiri iliyokatwa ikaonekana imekatwa, lile jambo nililowaomba mlishike. Sisi wengine tunaweza kujipatia uwezo huo bila gharama. Aliyeijenga Emacs kutoka git aulize git status kabla ya kuendesha make, na asiendelee mpaka jibu liwe tupu. Anayetumia Debian au Ubuntu anaweza kuendesha dpkg --verify, ambayo hulinganisha mafaili yaliyosakinishwa na alama zilizokuja na kifurushi. Wa Fedora wana rpm -V. Ningalikuwa na tabia hiyo, neno Nachingwea lingeonekana kabla halijakompailiwa, na madereva wale wangekuwa wameshafika bandarini.

Msidharau ugumu wa kurudisha kilichoharibika, hasa kwa sisi wa kusini. Kwa kawaida mtu husema atapakua upya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na huku kwetu ikakatika kwa mafuriko; kisha tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hizo, aliye na nakala yake ya kifurushi kwenye diski ya pembeni alikuwa na kihariri, na asiye nayo alikuwa na subira. Nawashauri mweke nakala hiyo. Haizidi ukubwa wa filamu moja mnayotumiana kwenye simu.

Limebaki la vijana wenye hamu ya kujaribu, nao ndio ninaowapenda zaidi. Kufuli halikatazi kujaribu. Ukitaka kuona amri itafanyaje ukibadilisha mstari wake, inakili yote kutoka kwenye faili asilia, ibandike katika bafa ya *scratch*, ile ya majaribio inayokuja na Emacs, ibadilishe huko, kisha iagize Emacs iisome kwa C-M-x, yaani Ctrl, Alt na x kwa pamoja. Kuanzia hapo Emacs inatumia toleo lako, lakini liko katika kumbukumbu tu. Ukiharibu, funga Emacs na uifungue tena, mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Ukiridhika na unataka libaki, usilirudishe kwenye faili asilia. Litafutwa siku utakaposasisha, na dpkg haitakuuliza, kwa sababu mafaili ya /usr/share hayamo katika yale ya mipangilio ambayo hulazimika kuyaulizia. Liweke katika mipangilio yako kwa jina jipya, au tumia advice-add, iliyopo tangu toleo la 24.4, ambayo inakuruhusu kuongeza kazi yako kabla, baada au badala ya kazi ya amri bila kuigusa hata herufi moja ya msimbo wake. Mimi nilivyotatua lile suala la vijiji vyenye majina ya maneno mawili ni hivyo hivyo: nimeongeza kipande kinachounganisha maneno hayo kwa kistari kabla amri haijahesabu safu, na sort.el lipo kama lilivyotoka kwa wenyewe.

Kwenye kompyuta zilizo mezani nimekwisha kuiweka ile mistari michache. Mwenye nafasi na asogee, abonyeze C-h f, aandike sort-numeric-fields, aingie ndani ya faili, kisha aandike humo jina la wilaya yake, atusomee kwa sauti kompyuta imemjibu nini.